Kufuatilia Vikao vya Matumizi ya Ardhi Katika Jiji la Tanga: Mwongozo kwa Mkazi wa Mtaa

Mara nyingi mkazi wa Tanga hupata habari kwamba kiwanja cha jirani kimebadilishiwa matumizi siku ambayo mafundi wameanza kuchimba shimo la matangi ya mafuta. Siku hiyo maneno huwa mengi na hasira huwa na haki yake, lakini shauri lenyewe limekwisha kupita: liliombwa, likatangazwa mahali ambapo wachache walitazama, likajadiliwa na kamati, likaandikwa katika muhtasari, likaidhinishwa. Mwongozo huu unamwelekeza mkazi asiye mtaalamu wa mipango miji wala mwanasheria namna ya kulikuta shauri la ardhi likiwa bado bichi, katika ngazi ambayo neno lake linaweza kusogeza mstari kwenye mchoro. Umejikita katika Halmashauri ya Jiji la Tanga, yenye kata na mitaa. Anayeishi Mkinga au Muheza atakuta kijiji mahali pa mtaa, na huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka makubwa kuliko yale ya mkutano wa mtaa. Kwa hiyo asiyachukue yote yaliyomo humu kama yalivyo.

Hatua ya kwanza: tambua shauri lako ni la aina gani

Kabla ya kuuliza kikao ni lini, uliza kinachojadiliwa ni nini, kwa sababu mashauri ya ardhi hayapiti njia moja. Lipo shauri la mpango kabambe, ambao hupanga sura ya jiji zima kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 20: viwanda vikae upande gani, barabara kuu zipite wapi, mabonde yapi yaachwe bila kujengwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri kuwa ndiyo mamlaka ya upangaji, na inaitaka ishirikishe wadau na kupokea maoni ya wananchi kabla mpango haujafika kwa waziri. Mpango wa namna hii haupiti kila mwaka, na ndiyo maana watu huupuuza. Lakini ukishaidhinishwa, mashauri madogo yote yatakayofuata yatapimwa kwa kuuangalia, na anayelalamikia kiwanja kimoja ataambiwa kwamba eneo zima lilishapangwa hivyo.

Lipo pili shauri la mchoro wa mipango miji wa eneo moja, likiwemo zoezi la urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Hili ndilo linalowagusa watu wengi zaidi, na ndilo ambalo mkutano wa mtaa una nafasi kubwa ya kulisemea. Lipo tatu ombi la mwenye kiwanja kimoja la kubadili matumizi, kwa mfano kutoka makazi pekee kwenda makazi na biashara, au kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta. Na lipo la nne, utwaaji, pale Serikali inapohitaji ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Wakazi wa upande wa Chongoleani, mahali ambapo jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Agosti 2017, wanaujua utaratibu huo wa nne kwa karibu. Katika utwaaji, kikao unachoitiwa aghlabu si cha kuuliza kama ardhi ichukuliwe, bali ni cha kueleza uthamini na fidia, na maswali ya kwenda nayo ni tofauti kabisa: mthamini ni nani, mali zipi zimeandikwa kwenye fomu yako, na malipo yatafanyika lini. Mwongozo huu hauliingii shauri hilo zaidi ya hapo.

Hatua ya pili: jua nani husikiliza, nani hupendekeza na nani huamua

Ngazi ya chini ni mtaa. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi (uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024), na mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri ambaye ndiye huandika muhtasari. Mtaa hauidhinishi mchoro wala haubadili matumizi ya kiwanja. Hutoa maoni na kuyapeleka juu. Yanayotoka mtaani huingia katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wajumbe wake wakubwa ni wenyeviti wa mitaa ya kata hiyo.

Juu ya kata ndipo kazi halisi ya mipango miji inapofanyika. Wataalamu wa idara, yaani maafisa mipango miji, wapima na maafisa ardhi, huandaa taarifa, taarifa hiyo huingia katika kamati ya kudumu ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kamati hupendekeza, Baraza la Madiwani, chini ya Mstahiki Meya na likiwa na Mkurugenzi wa Jiji kama katibu, hupokea mapendekezo na kuazimia. Baada ya hapo michoro na maombi ya kubadili matumizi hupelekwa kwenye wizara yenye dhamana ya ardhi, ambayo tangu mwaka 2020 ina ofisi katika kila mkoa, ikiwemo Tanga. Mkazi anayedhani kila jambo linakwisha kwa Meya hupeleka barua yake mahali pamoja tu, kisha hushangaa.

Usichanganye vyombo. Baraza la Madiwani hupanga. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huamua migogoro ya umiliki. Na Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, hupatanisha tu wala halitoi tena hukumu ya mgogoro wa ardhi. Mtu mwenye ugomvi wa mpaka na jirani yake ambaye anauleta katika mkutano wa mtaa unaojadili mchoro hupoteza muda wa watu wote, na mwenyekiti mzuri humkatisha kwa adabu.

Hatua ya tatu: zipate tarehe mapema

Baraza la Madiwani hukutana kwa kawaida kila robo ya mwaka, na mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Robo inapokwisha, taarifa huandaliwa, kamati hukaa, kisha Baraza hukaa. Kwa hiyo mkazi anayetaka shauri lake liingie katika kikao cha robo fulani anapaswa kuwa amepeleka maandishi yake kabla kamati haijakaa, wala asingoje siku ya Baraza. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote: watu hujaza viti vya wageni siku ya Baraza, huku kabrasha la kikao likiwa limechapwa siku nyingi nyuma na hakuna karatasi yao ndani yake.

Tarehe huzipata kwa njia tatu, na inafaa uzitumie zote. Ya kwanza ni mbao za matangazo: ya ofisi ya mtaa, ya ofisi ya kata na ya halmashauri yenyewe. Pita hapo mara kwa mara hata kama huna shida, kwa sababu tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja halisubiri mtu. Muda wa kupokea pingamizi huandikwa ndani ya tangazo hilo hilo na huanza kuhesabiwa bila kukuuliza. Piga picha ya tangazo zima, ikionyesha tarehe, saini na muhuri, kwani karatasi za ubaoni huchanwa na upepo wa bahari au hufunikwa na tangazo la chanjo. Njia ya pili ni kumwuliza mtendaji wa kata ana kwa ana. Yeye ndiye hupokea barua za mwito na hujua kikao kimeahirishwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Ya tatu ni diwani wako, au diwani wa viti maalum anayeishi katika kata yako, ambaye hupewa kabrasha siku kadhaa kabla ya kikao. Makundi ya WhatsApp ya mtaa husaidia kusambaza habari, lakini usiyategemee kwa tarehe: mara nyingi hubeba tangazo la mkutano uliokwisha fanyika.

Angalia pia bango kwenye kiwanja chenyewe. Mwombaji wa mabadiliko ya matumizi hutakiwa kuufahamisha umma, na bango likiwa limewekwa nyuma ya ukuta au limeegeshwa chini ya mwembe mahali pasipoonekana na mpita njia, hilo lenyewe ni hoja ya kuandika katika pingamizi. Lipige picha lilipo, kisha simama barabarani upige picha nyingine inayoonyesha kwamba halionekani.

Hatua ya nne: ingia katika mkutano wa mtaa ukiwa tayari

Mkutano wa mtaa kwa Tanga mara nyingi huitwa saa kumi jioni na huanza watu wakishatoka swala ya alasiri, chini ya mti, kwenye uwanja wa shule au nje ya ofisi ya mtaa. Fika kwa muda ulioandikwa hata kama unajua utachelewa kuanza, kwa sababu dakika hizo za kungoja ndizo mchoro au orodha huwa imetandazwa mezani na hakuna msongamano, na mtaalamu aliyetumwa na halmashauri au kampuni ya upimaji yuko tayari kujibu bila kukatizwa.

Jambo la kwanza kulitazama si mchoro. Ni karatasi ya mahudhurio. Soma kichwa chake kabla ya kuweka jina. Karatasi iliyoandikwa "Mahudhurio ya mkutano wa mtaa" pamoja na tarehe inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Karatasi isiyo na kichwa chochote, au yenye maneno kama "Wakazi walioridhia", ni kitu kingine, na inaweza kubandikwa nyuma ya ombi la mtu na kusomeka kwenye kamati kuwa ni ridhaa ya mtaa mzima. Ukikuta karatasi tupu, mwombe mtendaji kwa upole aandike kichwa na tarehe kwa mkono wake mbele yenu. Ni jambo la nusu dakika, na mtendaji anayejua kazi yake hatakasirika. Endapo kichwa kinasema ridhaa nawe hujaridhia, usisaini, au saini na uandike pembeni "nimehudhuria, sijaridhia". Waeleze na wazee wa mtaani, maana wao ndio huombwa kusaini kwanza ili wengine wafuate.

Mkutano ukifunguliwa, sikiliza kama ajenda imethibitishwa na kama muhtasari wa mkutano uliopita umesomwa. Sehemu ya yatokanayo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hapo ndipo mnaposikia kama maoni mliyotoa miezi iliyopita yalikwenda kwenye kata au yalilala kwenye kabati. Ukipewa nafasi, simama, msalimu mwenyekiti na hadhira, taja jina lako na mahali unapoishi, kisha sema jambo moja. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kujua barabara hii iliyochorwa mbele ya kisima ina upana wa mita ngapi, na naomba jibu liingie kwenye muhtasari." Maneno manne ya mwisho ndiyo hoja yako yote. Lisiloandikwa halijasemwa, hata kama mkutano mzima ulipiga makofi.

Kwa mikutano ya urasimishaji, mambo ya kudai ni mengi zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Zoezi hilo kwa kawaida huanza kwa mkutano wa wakazi unaochagua kamati ya kusimamia. Kampuni ya upangaji na upimaji hutambulishwa. Rasimu ya mchoro huandaliwa kwa kufuata nyumba zilizopo. Rasimu hurudishwa kwa wakazi. Kisha hupelekwa halmashauri na wizarani kuidhinishwa, upimaji ukafuata. Pale panapovunjika ni kati ya rasimu na idhini. Wakazi wamechanga, wamechoka na mikutano, na rasimu inaporudi hudhani ni taarifa tu. Huo ndio mkutano mkubwa kuliko yote, kwa kuwa ndio ambamo barabara ya mita sita inaweza kusogezwa isikate jiko la mtu, na ndio ambamo eneo la wazi lililobaki, ambalo watoto hulichezea mpira na ambalo maji ya masika hupata pa kutuama, linaweza kuandikwa kuwa eneo la wazi badala ya kugeuka viwanja vitatu vipya vyenye namba. Ulizeni waziwazi: viwanja visivyo na nyumba vilivyomo kwenye mchoro huu ni vya nani? Swali hilo linaweza kunyamazisha mkutano, lakini ni halali. Ulizeni vilevile fedha zilizochangwa ziko akaunti gani na ni akina nani wanaosaini kuzitoa.

Hatua ya tano: usome mchoro mwenyewe

Mchoro wa mipango miji hutisha kwa mistari yake mingi, lakini mkazi anayelijua eneo lake anaweza kuusoma kwa robo saa. Anza na vitu unavyovijua ardhini: msikiti, shule, reli, nguzo kubwa za umeme, mkondo wa maji. Ukishavipata vitatu, umeshajua umesimama wapi, na uweke kidole kwenye nyumba yako. Kisha nenda kwenye ufunguo pembeni, uone kila alama au rangi inasimamia matumizi gani, na urudi kutazama kilichopakana nawe. Soma kichwa cha mchoro: jina la eneo, kitalu, tarehe, na kama kimeandikwa kuwa ni rasimu au kimeidhinishwa.

Sasa chukua rula. Michoro mingi huchorwa kwa kipimo cha 1:2500, ambapo milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu ardhini. Barabara ya mita 10 itakuwa na upana wa milimita nne. Uchochoro wa mita tano utakuwa milimita mbili tu. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi halisi peke yake. Nakala iliyopunguzwa ili ienee kwenye karatasi ndogo, au picha uliyotumiwa kwenye simu, imeshapoteza kipimo, na hapo utumie mstari wa mita uliochorwa chini ya mchoro, ambao hupungua pamoja na mchoro.

Kwa Tanga kipimo hiki kina kazi maalumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Kwenye mchoro wa 1:2500, mita 60 ni milimita 24. Weka rula kwenye mstari wa ufukwe, au kwenye ukingo wa Mto Zigi au Mkulumuzi kama mchoro wa upande wenu unaigusa, na uone kama kuna viwanja vilivyochorwa ndani ya upana huo. Vikiwemo, hilo si suala la kupenda au kutopenda maendeleo. Ni hoja ya kisheria ambayo afisa mipango miji atalazimika kuijibu kwa maandishi.

Ngamiani ina mtihani wake. Barabara zake za namba zilinyooshwa zamani na viwanja vyake ni vidogo, na nyumba nyingi zimekuwa za kuishi nyuma na duka mbele. Mchoro mpya au ombi la kubadili matumizi pale huonekana kama kuhalalisha kilichopo tu, na huenda ni kweli. Lakini soma masharti, kwa sababu hati ya kila kiwanja hutaja kundi la matumizi yanayoruhusiwa, na "biashara" iliyoandikwa kwa upana inaweza kuanza na duka la khanga ikamalizia na ukumbi wa muziki unaokesha.

Hatua ya sita: andika, upeleke, upigiwe muhuri

Maoni ya mdomo yana nafasi yake mtaani. Kuanzia kata kwenda juu, ni maandishi. Barua haihitaji lugha ya mahakamani. Inahitaji anwani, kichwa kinachotaja kiwanja, hoja zinazohesabika, na saini. Mfano wa barua inayotosha ni huu:

"Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Tanga. Kupitia kwa Mtendaji wa Kata ya … YAH: PINGAMIZI KUHUSU OMBI LA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. … KITALU … KUTOKA MAKAZI KWENDA KITUO CHA MAFUTA. Rejea tangazo lililobandikwa tarehe … katika ofisi ya kata. Sisi tuliotia saini hapa chini ni wakazi wa viwanja vinavyopakana na kiwanja tajwa. Tunapinga ombi hilo kwa sababu zifuatazo: kwanza, kiwanja kimepakana na shule ya awali upande wa mashariki, pili, barabara inayokihudumia haina upana wa kutosha kwa magari makubwa ya mafuta kuingia na kutoka bila kurudi nyuma barabarani, tatu, visima vitatu vya maji ya matumizi ya nyumbani vimo jirani na mahali pa matangi. Tunaomba tuarifiwe kwa maandishi uamuzi utakaofikiwa na sababu zake."

Zingatia kwamba hakuna tusi wala neno "rushwa" ndani yake. Kama una ushahidi wa rushwa, upo mlango wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na jambo hilo lina barua yake. Kuchanganya tuhuma na hoja za mipango humpa anayeisoma sababu ya kuiweka kando.

Peleka nakala mbili. Moja hubaki masijala. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa hakuna barua. Mpe diwani nakala, na umwachie nyingine mwenyekiti wa mtaa. Kwa kituo cha mafuta, kiwanda au mradi mwingine mkubwa, kumbuka kwamba kubadili matumizi si kibali pekee: tathmini ya athari kwa mazingira hupitia NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ambako pia maoni ya wananchi hutakiwa, na ujenzi wa kituo cha mafuta huhitaji idhini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Pingamizi lililopelekwa halmashauri peke yake halisomwi moja kwa moja na vyombo hivyo, wapelekeeni nao.

Hatua ya saba: kaa Barazani na ujue unachokitazama

Vikao vya kamati kwa kawaida si vya umma. Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa pale Baraza linapoamua kukaa kama kamati, na hapo wageni huombwa kutoka. Mgeni husikiliza, hasimami kuchangia, hashangilii, hapigi simu. Vaa kwa heshima, fika mapema, na ukae mahali unapoweza kumsikia katibu.

Taarifa za kata husomwa, maswali ya madiwani hujibiwa, kisha taarifa za kamati huwasilishwa mojamoja. Taarifa ya mipango miji inaweza kupita kwa dakika chache: mwenyekiti wa kamati husoma aya, Meya huuliza kama kuna hoja, na inapokosekana hupita. Kwa hiyo uwe na namba ya kiwanja au jina la mchoro kwenye karatasi, kwani ndivyo kitakavyotajwa, wala si kwa jina la mtaa wenu linalojulikana na watu. Andika maneno ya azimio kama yalivyotamkwa. Kuna tofauti kubwa kati ya Baraza kupokea taarifa, kuridhia ombi, kuliridhia kwa masharti, na kulirudisha kwenye kamati. Ikiwa ni kwa masharti, masharti hayo ndiyo utakayoyafuatilia ujenzi ukianza. Tazama pia kama kuna diwani aliyetangaza maslahi yake kwenye shauri hilo. Sheria inamtaka mwenye maslahi ya kifedha ayaseme na asishiriki kuamua. Kama unajua anayo na hakuyasema, hilo liandikie Mkurugenzi, usilipazie sauti ukumbini.

Ikiwa kikao kimeangukia kipindi cha kuelekea uchaguzi mkuu, ujue kwamba Baraza huvunjwa na kazi za kila siku hubaki kwa Mkurugenzi na wataalamu wake hadi madiwani wapya waapishwe. Ofisi hazifungwi, matangazo huendelea kubandikwa, na maombi huendelea kupokelewa, lakini diwani wa kumpigia simu hayupo. Kipindi hicho ongeza mara za kupita kwenye mbao za matangazo.

Hatua ya nane: fuata karatasi baada ya kikao

Azimio likishapita, omba kwa maandishi dondoo ya muhtasari inayohusu shauri lako. Muhtasari wenyewe huthibitishwa katika kikao kinachofuata, kwa hiyo ukijibiwa kwamba haujathibitishwa, jibu hilo linaweza kuwa kweli. Omba basi barua ya uamuzi. Ukizungushwa, andika upya ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na inayomtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Eleza taarifa unayoitaka kwa usahihi, yaani mchoro gani, kikao cha tarehe gani, kiwanja namba ngapi. Ombi la "taarifa zote za ardhi za kata yetu" hukataliwa kwa urahisi.

Kama shauri limepelekwa wizarani, nakala ya pingamizi lenu nayo ipelekwe kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa, ikiwa na muhuri wa halmashauri juu yake kuonyesha kwamba mlianza chini. Ikiwa idhini haijatolewa, bado mna nafasi. Ikiwa imetolewa na mnaona utaratibu ulirukwa, hapo ndipo pa kumwona wakili au shirika la msaada wa kisheria, na msikawie: kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye shauri. Kwa muda wote huo ujenzi unaweza kuwa unaendelea, na wakili atataka kujua mara moja kama kuna sababu za kuomba zuio. Atakachokuomba kabla ya maelezo yako marefu ni picha ya tangazo, barua yenye muhuri, karatasi ya mahudhurio, na maneno ya azimio uliyoyaandika Barazani, vyote vikiwa na tarehe na vimepangwa kwa mfuatano katika faili moja. Faili hilo na likae kwa mtu anayeaminika mtaani ambaye si kiongozi, na nakala ibaki ofisi ya mtaa, kwa sababu wenyeviti hubadilika kila miaka mitano na watendaji huhamishwa wakati wowote.